Walpurga Zechmeister, Aliyewashiwa Mshumaa wa Marehemu Angali Hai

Ndugu na majirani zetu wa Steyr, naomba kwanza msisome jiwe. Ninyi wa mbele najua mmeshalisoma, na viwiko nimeviona vikigusana. Nisikilizeni mimi kwanza. Kama ni kucheka, mtacheka baadaye.

Marehemu shangazi yetu Walpurga Zechmeister alizaliwa tarehe 4 Machi 1819, hapa hapa Steyr, nyumba ya pili kutoka darajani. Alikuwa mtoto wa kwanza wa mzee Balthasar Zechmeister, mtengeneza mishumaa, na mkewe Notburga. Alisoma kwa masista mpaka umri wa miaka kumi na minne. Masista walimsifu kwa kusoma kwa sauti. Walimlaumu kwa kulia kwenye visa vya watakatifu, maana akilia yeye darasa zima lilimfuata, na hesabu za siku hiyo zikawa zimekufa.

Mwaka 1837 kikundi cha waigizaji kilipita hapa, na kilipoondoka, marehemu aliondoka nacho. Hapa ndipo aibu yetu inapoanza na sina njia ya kuizunguka. Siku zile binti wa fundi anayeheshimika kupanda jukwaani lilikuwa jambo la kufungia madirisha. Babu Balthasar alinyamaza majira yote ya baridi. Pasaka ya 1838 akatangaza kwamba binti yake amekufa kwa homa huko Linz. Misa ikasomwa. Majirani walileta supu na mikate, wakalia na sisi. Jina lake likachongwa kwenye jiwe la ukoo: Walpurga, 1819 hadi 1838. Supu yenu tuliila, na leo ndiyo mara ya kwanza mtu wa nyumba yetu anawaomba radhi kwa hiyo supu.

Kila Siku ya Marehemu Wote tulikuja hapa kuwasha mishumaa. Marehemu wetu wengine walipata ya mafuta ya ng'ombe. Walpurga peke yake alipata ya nta safi, ile tuliyokuwa tunawapelekea mapadri. Nilikuwa mtoto, nikamuuliza babu kwa nini. Akasema, "Huyu alikufa bado mdogo," akageukia ukutani.

Huyo aliyekufa mdogo wakati huo alikuwa mji wa Brno, anakula vizuri, jukwaani anaitwa Leontine Valdern. Kazi yake ilikuwa kuigiza wasichana wanaokufa kwa mapenzi, na watu wa Brno walitokwa na machozi mpaka leso zikaisha madukani.

Oktoba 1846 alialikwa kucheza hapa kwetu. Mabango yalisema Leontine Valdern, na mji haukujua. Babu alijua, na alikuwa na shida yake: mishumaa ya jukwaani ilitoka dukani kwake. Jioni hiyo mkata tambi, aliyezoea kupanda na mkasi katikati ya mchezo kupunguza tambi za mishumaa zilizoungua, alikuwa kitandani anaumwa jino. Ikafika sehemu ya mwisho. Shangazi kalala chali, kafa kwa sumu, na mishumaa ya mbele ikaanza kutoa moshi. Watu wakaanza kupiga kelele, "Tambi! Tambi!" Maiti ikakohoa.

Babu alikuwa amejibanza nyuma ya nguzo. Kumwona binti yake angevumilia. Kusikia mishumaa yake inazomewa, hapana. Akapanda na mkasi, akaanza kukata. Shangazi, macho kafumba, akamwambia taratibu, "Baba, na ule wa kushoto."

"Nyamaza," babu akasema. "Umekufa wewe."

Mstari wa mbele ulisikia yote. Rupert muuza nyama akainuka, akauliza kwa ile sauti yake ya sokoni, "Mzee Balthasar, mbona maiti inakuita baba?"

Babu alikata utambi wa kushoto. Akasema, "Kwa sababu ni wangu," akashuka, akaenda nyumbani bila kofia.

Mji ukajua. Wenye adabu hawakutuuliza, na wasio na adabu walituletea supu. Lakini jiwe halikuguswa, maana kuligusa ni kwenda kwa padri kusema kwamba ile misa ilikuwa ya uongo. Babu akafa 1853 bila kwenda. Baba yangu, mdogo wake marehemu, naye hakwenda.

Marehemu alifunga ndoa huko Graz tarehe 9 Juni 1849 na Ottokar Brandl, mwigizaji wa wafalme, aliyetawala nchi nyingi na nyumbani hakuweza kuwasha jiko. Walipata binti mmoja, Hermine. Kazini marehemu alitoka kwenye wasichana akaingia kwenye malkia, na mwisho wakampa vikongwe wa kuchekesha. Alisema, "Wenzangu wanazeeka kwa miaka, mimi nimezeeka kwa mkataba."

Mwaka jana kifua kilimbana. Alihamia Linz kwa Hermine, na Septemba ya mwaka huu nilikwenda kumwona.

"Vinzenz, mtaniweka wapi?"

"Shangazi, utapona."

"Mwanangu, kufa ndiyo kazi niliyoifanya jukwaani, usinifundishe. Nataka kwa baba."

"Kule jina lako lipo tayari."

"Najua. Nilipita kuliona. Mishumaa yangu bado ni ya nta?"

"Bado."

"Basi mzee hakunifuta. Nirudisheni kwake, ila mchana, watu wakiona."

Alifariki tarehe 11 Novemba 1879, alfajiri, Hermine akiwa amemshika mkono.

Nyumbani hatukuwa wamoja. Shangazi Kreszenz, mdogo wake, alisema, "Azikwe Linz. Watu watasema nini?"

"Watasema tulidanganya," nikamjibu.

"Si ndiyo hiyo aibu yenyewe?"

"Si tulidanganya kweli?"

Kreszenz akaenda dukani, akachagua nta mwenyewe. Mshumaa mnaouona pale ni wa mkono wake. Na padri nimekwenda mimi. Alinisikiliza mpaka mwisho, ila midomo ilimcheza kwa kuzuia kicheko.

Fundi wa mawe alituambia tukikwangua ule mwaka wa uongo, jiwe litapasuka na jina litaondoka nao. Kwa hiyo uongo wetu umebaki juu, mtausoma ninyi na wajukuu zenu, na chini yake tumeongeza mstari mmoja: Tena, 11 Novemba 1879. Sasa someni. Na anayecheka asijizuie; mwenye jiwe alipenda ukumbi uliojaa.

Marehemu ameacha binti yake Hermine, wajukuu wawili, mdogo wake Kreszenz, mimi Vinzenz, na nyumba nzima ya Zechmeister, ambayo leo inainamisha kichwa mbele yake.

Shangazi, safari hii ni kweli. Pumzika kwa amani, kwa jina lako.