Pazia, Aliyetuchekesha Ghalani

Ndugu na majirani mliofika, huyu tunayemsindikiza leo ndiye yule mliyemwita Pazia. Alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, hapa hapa nyumbani, katika chumba cha nyuma ambacho sasa tunawekea majembe. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho. Wa kwanza ni kaka yake, Fundi Baiskeli, ambaye tangu utotoni ana kigugumizi. Walilala kitanda kimoja mpaka miguu ikakosa nafasi. Fundi akikwama kwenye neno, mdogo wake alimmalizia, tena alimmalizia vibaya kwa makusudi. "Mama, naomba ma... ma..." "Mabati, mama! Anataka kukujengea!" Wakaangua kicheko wote wawili, mama yao akawafukuza jikoni na maji yenyewe wasipate.

Shule ya msingi aliianza mwaka 1968 akaimaliza 1974, na masomo yake yakaishia hapo. Akiwa darasa la nne alitolewa nje kwa kuigiza kikohozi cha mwalimu mkuu. Siku ya wazazi ilipofika, mwalimu mkuu huyo huyo alimwita mbele ya wageni akamwambia, "Wewe, njoo unikohoe."

Mwaka 1979 aliajiriwa kupima magunia kwenye ghala la mazao. Mchana alipima, na jioni, magunia yakishaondoka, ghala likawa lake. Michezo yake ya kuigiza aliitunga kichwani, akawafundisha waigizaji kwa mdomo huku anafagia sakafu. Alimcheka mwenyekiti, akamcheka daktari wa mifugo, akajicheka na yeye. Mtu aliyechekwa Jumamosi alimpungia mkono Jumapili, maana alijua zamu imekwisha, wiki ijayo ni ya mwingine.

Tarehe 17 Desemba 1988 alimwoa mshonaji aliyekuwa akimshonea nguo za jukwaani. Pazia la ghala lilikuwa shuka la kitanda chao. Jioni moja mkewe alisimama mlangoni, watu wamejaa, akapaza sauti: "Mume wangu, leo tunalalia nini?" Marehemu akatoa kichwa katikati ya shuka. "Vumilia, mke wangu, bado tumelivaa!" Jina la Pazia lilimganda kuanzia hapo.

Sasa kuna jambo ambalo Fundi mwenyewe ametaka lisomwe. Mwezi wa nane mwaka 2011 Marehemu alionyesha mchezo wa shahidi mahakamani. Shahidi ana kigugumizi, na hakimu anasinzia kabla hajamaliza kutaja jina lake. Shahidi huyo aliigizwa na Marehemu mwenyewe. Kiti cha mbele alikuwa amemwekea kaka yake, akakipangusa vumbi kwa mkono wake, maana aliamini yeye ndiye atakayecheka kuliko wote. Ghala lilipasuka kwa vicheko, watu wakadondoka kwenye mabenchi. Fundi aliinuka taratibu akatoka.

Kesho yake Marehemu alimfuata kwenye kibanda chake cha kutengenezea baiskeli.

"Kaka, si ule utani wetu?"

Fundi hakuacha kuziba pancha. "U-ulikuwa wetu," akasema.

Marehemu hakuuonyesha tena mchezo ule, lakini ulikuwa umeshamtoka mikononi. Watoto waliuigiza barabarani. Mteja alileta baiskeli, akauliza bei kwa sauti ya shahidi. Marehemu alikwenda shuleni kuwaomba wanafunzi waache. Alisimama mbele yao, machozi yanamtoka kweli kweli, anasema, "Yule ni kaka yangu, jamani." Wanafunzi wakavunjika mbavu. Walidhani ni mchezo mpya. "Mzee, rudia! Rudia pale pa kulia!" Alirudi nyumbani akakaa kwenye ukingo wa kitanda bila kuvua viatu. Fundi naye akaacha kuongea na watu. Bei aliionyesha kwa vidole. Nyumbani kwa mdogo wake hakukanyaga tena, ingawa ni mwendo wa kuvuka shamba moja. Marehemu aliendelea kutuchekesha, ila mkewe anasema kila mchezo ulipoisha alichungulia kwanza kile kiti cha mbele.

Mwezi wa kumi 2019 sauti ilianza kumkauka. Tulidhani ni kelele za jukwaani. Hospitali ya wilaya ilikuta uvimbe kooni, akapasuliwa, na sauti haikurudi. Aliongea kwa mikono na kwa macho.

Mchana mmoja Fundi aliegemeza baiskeli ukutani. Mshonaji aliacha cherehani. "Shemeji! Karibu, karibu ndani." Fundi akavuta kigoda karibu na kitanda. "Si-sijaja kukusamehe," akasema. "Ni-nimekuja kukuona." Marehemu akaitikia kwa kichwa.

Baada ya siku hiyo alikuja mara nyingi. Yule aliyeacha kuongea na dunia nzima aliongea mle chumbani mpaka chai ikapoa: habari za mama yao, za mbwa wao mwenye sikio moja, za wateja wasiojua kupanda baiskeli. Alipokwama kwenye neno, midomo ya Marehemu ilianza kulitafuta, kisha akaifumba, akangoja. Siku moja mshonaji alisikia mmoja akicheka kwa sauti, na kitanda cha mwingine kikitikisika. Kama alisamehewa, hatujui. Fundi hajasema, na hatukumuuliza.

Marehemu alifariki asubuhi ya tarehe 3 Juni 2021, hapa nyumbani, mkewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mke, watoto watatu, wajukuu wanne na kaka yake mmoja.

Fundi ameomba kusema machache kabla hatujaanza kufukia. Mara yake ya mwisho kusimama mbele ya watu haijulikani ilikuwa lini. Familia inawaomba, wakubwa kwa watoto, asichekwe, asiharakishwe, na mtu yeyote asimsaidie neno. Likichelewa, tulingoje.

Pazia, lala salama, Mungu akupe pumziko la amani.

Karibu, Fundi.