Mjomba Rudia na Sanduku Lililokariri Joto

Ijumaa hii, siku ya mwisho ya mwezi, Mjomba Rudia anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa katika karakana yetu ya vifaa vya hospitali. Alikuja akiwa fundi redio, ameazimwa kwa wiki mbili kutengeneza mizani ya watoto. Wiki hizo mbili ndizo zinaisha Ijumaa.

Jina hilo tulimpa sisi. Akishafunga mlango, lazima arudi kuutikisa. Mkewe anasema humuuliza kama amelala, na akishalala humuuliza tena. Mizani, pampu za dawa, mashine za kupimia mapigo ya moyo, zote zimepita mikononi mwake. Lakini ukiingia chumba cha majaribio, utasimuliwa kwanza habari za sanduku la joto la watoto njiti.

Lilikuwa tayari kwenda wodini, ambako njiti wawili walikuwa wanalala sanduku moja. Ndani tulilaza mwanasesere wa mpira aliyejazwa maji ya uvuguvugu, waya wa kipimajoto kifuani. Asubuhi hiyo mpimaji alimtoa ambadilishie maji, waya ukabaki unaning'inia nje. Kioo cha namba kiliendelea kuonyesha mtoto mwenye joto zuri. Mwanasesere yuko mezani, amepoa kama sakafu, sanduku tupu, na namba ya mtoto mzima haitikisiki. Msafishaji aliweka ndoo chini akatoka, na siku hiyo hakurudi.

Kilichotisha zaidi kilikuja baadaye. Tuliongeza mstari kwenye programu inayoliendesha sanduku, wa kuandika kila kipimo, ili tulione kosa, nalo likatoweka. Tukiuondoa, linarudi. Tukilichungulia, sanduku linasema kweli. Tukiliacha peke yake, linamwona mtoto asiyekuwepo.

Meneja alisema basi mstari ubaki, gari linasubiri. Mjomba, ambaye hapandishi sauti, aliegemea sanduku lisitoke.

"Bosi, kosa lililojificha halijahama. Mtoto wa mtu halazwi juu ya bahati."

Akaambiwa kama ni hivyo, ampigie muuguzi mkuu mwenyewe, amwambie njiti wasubiri. Alipiga. Hatukusikia alichojibiwa, ila alikata simu akarudi moja kwa moja kwenye sanduku.

Jini hakuwepo. Tunayoandika hugeuzwa kuwa lugha ya mashine na programu iitwayo kompaila, nayo hupenda njia ya mkato. Iliona hakuna mahali popote katika maandishi yetu panapobadilisha joto, ikalisoma mara moja ikalikariri. Haijui kuna waya, wala kifua. Ni kama yaya aliyegusa paji la mwanao asubuhi, kisha kutwa nzima anakujibu hana homa, bila kuinuka. Ule mstari wetu uliitia shaka kwamba huenda joto limeguswa, ndiyo maana ilikuwa inakwenda kuangalia.

Mjomba alikipa kipimo alama ya volatile, neno linaloilazimisha kompaila kusoma upya kila mara. Halafu akagundua taarifa ya "kipimo kipya tayari" ilikuwa inatangulia kipimo chenyewe, maana kompaila hupanga upya kazi ikidhani hazitegemeani. Hapo akaweka kizuizi: hiki kiishe, ndipo kile kianze. Tulipowasha, mwanasesere akiwa nje, namba ilishuka na kengele ikalia. Hatujawahi kufurahia kelele kiasi kile.

Mwaka uliofuata mwanangu alizaliwa kabla ya wakati wake, akalazwa ndani ya moja ya masanduku hayo. Akina mama wenzangu walishtuka kila namba ilipotikisika. Mimi nilipata usingizi kwa sababu ilikuwa inatikisika.

Mjomba, kwa niaba ya karakana nzima, na ya huyo anayekimbia sasa nyumbani na viatu vya baba yake, asante sana. Tunakuombea afya, nyumba yenye amani, na uzee mwepesi.