Je, Tembo Amesikilizwa?

Asubuhi hiyo ukungu ulishuka mpaka kwenye vizingiti vya maduka, na ukikaa kwenye benchi letu huoni ng'ambo ya barabara. Benchi lenyewe limeegemea ukuta wa ofisi ya serikali ya Mpango wa Kupatanisha Watu na Wanyamapori: vyumba viwili na mlango mmoja usiofunga vizuri. Wenye benchi ni wale wale. Birika, mwenye kahawa. Fundi Saa, anayetengeneza saa za watu wote wakati yake haijawahi kwenda sawa. Wakili, ambaye hakusomea sheria hata siku moja, bali alifagia mahakama miaka tisa akatoka na maneno yote. Na mimi wanayeniita Chapa, kwa sababu ya mashine yangu ya kuwapigia watu barua. Siku hiyo tulikuwa na wa tano. Mama Ndovu, mkuu wa mpango wenyewe, alitoka ofisini na fomu moja na kalamu, akajibana katikati yetu bila kusalimia. Mbele yetu gari la askari wa wanyamapori lilikuwa likinguruma ndani ya ukungu.

Birika: Shikamoo, Mama. Nikutilie kikombe?

Mama Ndovu: Marahaba. Tia, tena kiwe kichungu.

Fundi Saa: Gari hilo linamaliza mafuta bure. Linamngoja nani?

Mama Ndovu: Mimi. Nikitia saini hapa, wanateremka bondeni kumpiga risasi yule dume.

Yule dume tulimjua, ingawa hakuna kati yetu aliyewahi kumwona. Tembo mmoja, peke yake, amepita kwenye mashamba ya bondeni mara tatu mwezi huo. Ameangusha ghala la mtu na jiko la mwingine. Lakini hajamgusa mtu.

Wakili: Basi tia, yaishe. Ushahidi upo, ghala liko chini.

Mama Ndovu: Yaishe?

Wakili: Kwani usipotia?

Mama Ndovu: Nisipotia, watu wa bondeni wameshatayarisha maboga yenye sumu. Watayaweka njiani. Na watoto wa kule wanaokota kila kitu.

Birika: Mh! Yaani huku risasi, huku sumu.

Mama Ndovu: Na wakubwa wanataka jibu kwenye simu saa nne.

Fundi Saa: Usiwe na wasiwasi, sasa hivi ni saa tatu.

Birika: Kwa saa ya nani?

Fundi Saa: Yangu hii.

Birika: Basi tuko pabaya.

Hakucheka mtu. Mama Ndovu alifungua fomu magotini.

Mama Ndovu: Kaka zangu, miaka kumi na moja naongoza mpango huu. Fomu hizi nimetia saini mara kumi na nne. Leo mkono umegoma kwenye mstari wa tatu. Hebu sikieni: "Je, mlalamikiwa amesikilizwa? Ndiyo. Hapana."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mstari ule ni wangu. Mwaka ule mpango ulipoanza aliniletea karatasi ya mkono nimpigie fomu, na siku hiyo hiyo mezani kwangu kulikuwa na fomu ya baraza la usuluhishi, wanaosikiliza kesi za mipaka na mbuzi. Nikainuka kunywa kahawa. Niliporudi nikaendelea na karatasi isiyo yake. Nilipiga mistari sita ya wagomvi wa mipaka ndani ya fomu ya tembo, nikafunga, nikampa. Zikachapishwa nakala mia mbili.

Mama Ndovu: Anayelalamikiwa hapa ni tembo. Mara kumi na nne nimeweka alama kwenye "Ndiyo", kwamba nimemsikiliza. Jana nimekaa nikajiuliza, alisema nini?

Mimi: Mama, lile kosa ni langu.

Mama Ndovu: Najua, Chapa. Nililiona wiki ile ile. Niliona aibu kurudisha fomu mia mbili. Siku hizi nafikiri labda halikuwa kosa.

Nimesema mengi kwenye benchi lile, lakini sijawahi kusamehewa namna ile. Wakili ndiye aliyeniokoa, kwa sababu Wakili hawezi kuona swali likapita mbele yake akaliacha.

Wakili: Kisheria hili ni jambo dogo. Mlalamikiwa anaandikiwa hati ya wito. Hati inabandikwa kwenye mti anaojikunia mgongo. Akiitwa mara tatu asitokee, shauri linasikilizwa bila yeye.

Birika: Na akitokea?

Wakili aligeuka akautazama mlango wa ofisi, akaupima kwa macho.

Wakili: Akitokea, tutamsikilizia hapa nje.

Fundi Saa: Nyinyi hamjui kinachomsumbua. Mimi najua. Saa yake iko nyuma.

Birika: Tembo ana saa?

Fundi Saa: Kila kitu kina saa yake. Ya yule imechelewa miaka arobaini. Watu wanasema ameingia shambani. Hajaingia shambani! Kwake pale bado ni msitu. Anapita msituni kwake, anausukuma mti uliomzibia, kumbe ni ghala la watu.

Birika: Na mahindi?

Fundi Saa: Anaona nyasi. Anashangaa tu mwaka huu zimekuwa tamu.

Ukungu ukapita katikati yetu polepole, ukafunika vikombe, na kwa muda sikuona miguu ya mtu yeyote. Nakiri nilimwamini Fundi Saa, mtu ambaye nikimpa saa yangu leo siipati mpaka msimu mwingine. Nilimwona yule mnyama akitembea chini ya miti iliyokwisha kukatwa, masikio yametulia, hana habari nasi.

Birika: Hiyo si saa, mzee. Hiyo ni ndoto. Tembo hulala amesimama, huyu amezidi, analala anatembea. Ndiyo maana hajamdhuru mtu. Umeshamwona anayetembea usingizini akagombana?

Fundi Saa: Shemeji yangu. Alitembea usingizini akanizaba kibao.

Birika: Huyo alikuwa macho.

Wakili: Ngojeni kwanza, ngojeni. Kama anaota, ndani ya ndoto yake yumo nani?

Birika: Yumo nani?

Wakili: Sisi! Hizo nyumba ambazo yeye hazijui, hii barabara, hili benchi. Anatuota. Sasa wakimpiga risasi, sisi tunabaki kwa nani?

Fundi Saa: Acha hizo, bwana. Niache ninywe kahawa yangu.

Wakili: Kunywa upesi.

Mama Ndovu alicheka. Alicheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye kona ya fomu, halafu akajifuta macho na hakuacha kuyafuta.

Mama Ndovu: Nimechoka, kaka zangu. Waliponipa kazi hii niliwaambia nyumbani kwangu, nimekuwa mpatanishi. Mume wangu akanunua hata fremu ya ile barua. Nilidhani nitakaa kati ya pande mbili. Kumbe kazi yangu ni kuzika upande mmoja.

Kutoka kwenye gari dereva alipiga honi mara moja, kwa adabu. Mama Ndovu akaishusha kalamu mpaka kwenye karatasi. Nikaiona ncha yake imegusa.

Hapo ndipo alipotokea mwanamke mmoja kutoka kwenye ukungu, matope mpaka magotini, mkononi ana kamba ya kupandia iliyoviringishwa kwenye vijiti viwili, ile wanayoinyoosha wakulima ili mistari ya mbegu isipinde.

Mwanamke: Hamjambo hapa?

Sisi: Hatujambo, dada. Karibu.

Mwanamke: Ofisi ya wanyama ndiyo hii?

Mama Ndovu: Ndiyo hii, mimi ndiye mkuu wake. Umetoka bondeni?

Mwanamke: Bondeni. Shamba la kwanza ni langu. Na lile ghala pia.

Mama Ndovu: Oo, pole sana, mdogo wangu.

Mwanamke: Nimeshapoa.

Wakili: Umefika wakati mzuri. Toa malalamiko yako, Mama anatia saini sasa hivi.

Mwanamke: La, walioshtaki ni mashemeji zangu. Mimi nimekuja kuuliza neno moja tu, nirudi.

Mama Ndovu: Uliza.

Mwanamke: Alikuwa anakwenda wapi?

Tulitazamana.

Mama Ndovu: Nafikiri... alikuwa na njaa.

Mwanamke: Mwenye njaa hukaa akala. Huyu kwangu alichuma huku anatembea. Mara zote tatu ameingilia upande wa kisima, ametokea upande wa choo. Nikachukua kamba yangu hii. Nikachomeka kijiti kimoja kwenye unyayo wa kwanza, kingine kwenye unyayo wa mwisho, nikavuta. Nyayo zote zimo kwenye kamba. Hata mistari yangu ya mahindi haijanyooka hivyo.

Birika: Eti nini?

Mwanamke: Mtu asiyejua aendako hanyooki. Nikasema huyu anakwenda mahali, na mimi nimejenga ghala njiani kwake. Ningejua ni wapi, ningelihamisha. Lakini kamba yangu imeishia mpakani kwangu, mbele ni kwa watu. Ndiyo maana nimekuja serikalini. Nyinyi kamba yenu ni ndefu.

Wakili, mwenye neno kwa kila kitu, alikuwa anatazama viatu vyake. Birika alishika birika hewani na hakummiminia mtu. Mimi nilijaribu kukumbuka kama fomu yetu, pamoja na mistari yake yote ya wagomvi wa mipaka, ina mahali popote panapouliza hivyo. Hapana. Tunaandika alichokula, alichovunja, aliyemwumiza.

Mama Ndovu alikuwa bado ameshika kalamu. Uso wake ulibadilika, si kwa furaha, bali kwa aibu ya mtu mzima aliyeulizwa jambo la kazi yake asilolijua. Akaikunja fomu mara nne, akainuka.

Mama Ndovu: Dereva! Askari wote washuke, na bunduki zao.

Dereva: Na saa nne, Mama? Simu ya wakubwa?

Mama Ndovu: Nitaipokea njiani. Dada, panda mbele. Tukifika kwenu, kwanza unipeleke kwa wenye maboga, niwaombe siku saba. Nikikosea, wakubwa watanifukuza kazi na watakuwa na haki. Halafu hiyo kamba tutaivuta sote wawili mpaka itakapofika.

Gari likaondoka, na baada ya hatua kumi ukungu ukalimeza. Askari wanne walibaki wamesimama mbele ya benchi letu na bunduki zao, hawajui wakae au waondoke.

— Jamani, mmoja wao akatuuliza, wamekwenda wapi?

Tuliwasogezea nafasi wakae.