Wasifu wa Mfamasia Aliyeingia Kikaoni Peke Yake

Shangazi yetu, tunayemsindikiza leo, alizaliwa tarehe 14 Mei 1971, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkunga. Akiwa darasa la nne alimnyima bibi yake dawa ya kikohozi mpaka kijiko kibadilishwe. “Hiki ni cha supu,” alisema. Bibi alisubiri huku akikohoa, na tangu hapo akamwita Daktari wa Vijiko.

Alihitimu shahada ya famasi Novemba 1996, akaajiriwa na hospitali moja ambako alidumu hadi 2022. Vijana wa kazini walimwita Soma Tena, kwa kuwa hakuna dawa iliyovuka dirisha lake bila kupita mikononi mwa wawili: mmoja aliandaa, mwingine alikagua.

Tarehe 8 Agosti 2001 alifunga ndoa na mwalimu wa hisabati, wakajaliwa binti na mwana. Mumewe alipenda kusema kwamba nyumbani mwao hata chumvi hutiwa kwa maelekezo.

Chama cha wafanyakazi hakujiunga. Katibu wa tawi, fundi wa maabara, alimfuata dirishani mara nyingi.

“Dada, jiunge basi, hata kwa kunionea huruma.”

“Kaka, chama ni cha wenye kesi. Mimi nina wagonjwa.”

“Na kesi ikikufuata?”

“Itapanga foleni kama wengine.”

Walicheka wote wawili.

Mwaka 2019 uongozi ulimwondoa mkaguzi wa pili ili kupunguza gharama. Shangazi alilalamika kwa mdomo, peke yake. Akaambiwa kwamba yeye ni mzoefu. Machi 2022, foleni ikiwa imefika uani, alimpa mzee mmoja vidonge vya presha vyenye nguvu maradufu ya alivyoandikiwa. Mzee alianguka, akalazwa, akapona. Shangazi ndiye aliyegundua kosa, na ndiye aliyeliripoti.

Kikaoni waliketi wakuu watatu na mwanasheria wao. Kanuni zilimruhusu mwanachama kuingia na mwakilishi. Yeye hakuwa mwanachama, hivyo katibu wa tawi alibaki koridoni. Aliulizwa kama kosa ni lake. Akajibu ndiyo, akaomba radhi. Nani alimwondoa mkaguzi, hilo halikuulizwa, kwani ambaye angeliuliza alikuwa nje ya mlango. Alifukuzwa kazi. Mwezi uliofuata, mkaguzi wa pili alirudishwa.

Januari 2023 alipata kiharusi, na cha pili kikamchukua alfajiri ya tarehe 2 Juni 2024. Familia haisemi kwamba kufukuzwa ndiko kulikomuua; daktari hakusema hivyo, nasi hatumwekei maneno mdomoni. Tunalojua ni kwamba vijana wa famasi walipokuja kumjulia hali na kumwamkia, “Shikamoo mama,” aliitikia, “Marahaba. Umejiunga?” Aliyejikanyagakanyaga hakupewa chai mpaka ajieleze.

Marehemu ameacha mume, binti, mwana, kaka wawili, dada mmoja na wapwa wengi, akiwemo mmoja aliyesomea utoaji dawa kwa ajili yake.

Uongozi wa hospitali uliomba nafasi ya kutoa salamu leo, ukimtaja kuwa mtumishi wa mfano. Mumewe amewashukuru kwa kufika, kisha akawaonyesha viti. Salamu za kazini atazitoa katibu wa tawi.

Mungu ampe pumziko ambalo kazini hakulipata.