Sikio la Ghorofa ya Tatu: Pak Tris Anatuaga

Ijumaa hii, tarehe 28 Februari 2025, siku moja kabla ya mfungo kuanza, Pak Trisno Hadiwiyono anastaafu baada ya kulitumikia duka letu la kompyuta la Sinar Waluyo kwa miaka thelathini na moja. Wengi wenu mnaosoma kijitabu hiki hamjawahi kulisikia jina lake lote. Kwetu yeye ni Pak Tris tu, yaani Mzee Tris. Mwenye duka, Koh Yongki, amemwagiza meneja wa tawi aandike wasifu mfupi na wa kuchangamsha. Meneja amejitahidi kwenye ufupi.

Pak Tris aliingia kazini Januari 1994, fundi redio wa miaka ishirini na saba kutoka Mojokerto, amebeba bisibisi zake kwenye mfuko wa mchele. Haikuchukua muda akagundua kitu ambacho wateja hawakukijali, nacho ni pawasaplai, kile kisanduku cha chuma ndani ya kompyuta kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa. Watu walimaliza akiba yao kwenye kioo na kadi ya picha, kisha wakaomba pawasaplai ya bei ya chini kuliko zote. Pak Tris aliwatazama kwa huruma akawauliza, mahari umetoa yote, sasa bibi harusi unamlaza sakafuni?

Somo lake lilikuwa moja, na kila aliyepita mikononi mwake analijua kwa moyo. Kompyuta ikihitaji wati mia nne, ipe kisanduku cha mia nane. Kisanduku hakivuti umeme usioombwa, kwa hiyo hupotezi kitu, ila kinachofanya kazi kwa nusu ya nguvu zake hakipati joto, na kisichopata joto hakiamshi feni yake. Wanaotaka utulivu, alisema, wanunue nguvu.

Mtakumbuka pia kisa cha saruji. Katika jengo letu zima, kuanzia chini hadi juu, watu hupima pawasaplai kwa kuinyanyua. Ikiwa nzito, ni nzuri. Mwaka 2006 alikuja wakala mmoja na shehena ya visanduku vizito ajabu kwa bei ya kutupa, na Koh Yongki, ambaye amezaliwa kwenye biashara, alikibeba kimoja akatabasamu. Pak Tris aliomba akifungue. Ndani mlikuwa na vipuri vichache dhaifu na kipande cha saruji kilichobandikwa kwa gundi. Pak Tris alimtazama bosi wake akasema kwa upole kwamba hata jiwe la kusagia pilipili lina uzito, lakini hajaona likiwasha kompyuta. Saruji ile bado tunaitumia kuzuia mlango wa ofisi, na Koh Yongki huiruka kila asubuhi bila kuitazama.

Lakini kilichomjengea jina ni saa ya kusikiliza. Kila pawasaplai iliyonunuliwa na mtu wa sauti, mrekodi au mwanamuziki, ilisikilizwa saa nzima ikiwa imebebeshwa mzigo, kwa sababu feni si kelele pekee. Kuna visanduku vyenye kifilimbi chembamba ndani, cha koili, yaani waya uliosokotwa, kinacholia pale tu kazi inapokuwa nzito. Sasa, mtu utasikia wapi kifilimbi kwenye jengo lenye maduka mia mbili, kila moja na spika mlangoni? Pak Tris alikwenda kumbembeleza mtunza chumba cha swala cha ghorofa yetu, akaruhusiwa kukitumia kati ya adhuhuri na alasiri. Huko alikaa miguu ameikunja, macho amefumba, kompyuta mbele yake. Waliopita walidhani ana wasiwasi mkubwa na Mungu wake. Mtu akitafuna kaki za krupuk mlangoni alitimuliwa.

Akimaliza, alibandika kijikaratasi: “Imesikilizwa”, na chini yake, “Tris”. Wateja walikitafuta kijikaratasi hicho kabla ya kutazama bei. Kazi ilipozidi, wasaidizi wake walisikiliza kwa niaba yake na kuandika jina hilohilo, kwa ruhusa yake. Alituambia tu kwamba jina ni letu sote, kwa hiyo tulitunze.

Hapa ndipo meneja wa tawi anaposhindwa kuendelea kujificha nyuma ya cheo. Meneja ni mimi, Endang Prihatini, na wakati huo, mwaka 2013, nilikuwa msaidizi wake mwenye miezi mitatu kazini.

Alikuja Ki Sumanto, mchezesha vikaragosi wa Sidoarjo, na mwanawe Bagas. Mzee alikuwa na ugonjwa wa koo. Madaktari walikuwa wamempa wiki tatu kabla ya upasuaji, na baada ya hapo asingekuwa na sauti. Bagas alitaka kurekodi visa vyote alivyovijua baba yake, na papo hapo kuvichora kwenye kompyuta. Nyumba yao ilikuwa na chumba kimoja cha kufaa, kwa hiyo mashine kubwa yenye kadi mbili za picha ingekaa hatua mbili kutoka kwenye mdomo wa mzee. Zilitakiwa nguvu nyingi na ukimya kamili. Pak Tris alichagua kisanduku cha wati elfu moja, akanikabidhi nikakisikilize, yeye akaenda kwa mteja mwingine.

Ilikuwa Ijumaa. Chumba cha swala kilijaa hadi nje, na baada ya swala watu walibaki kumsikiliza mhubiri mgeni aliyetoka Demak. Nilisubiri robo saa. Nilikuwa na miadi ya kumpeleka mama yangu hospitali. Nikakiwasha kisanduku palepale mezani, katikati ya kelele zote, sikusikia kitu, na sikujiuliza kwa nini sikusikia kitu. Nikaandika “Imesikilizwa”. Nikaandika “Tris”.

Kifilimbi kilikuwemo. Bagas alikigundua baada ya wiki tatu, alipokaa kuhariri, na mzee alikuwa keshapasuliwa. Kwenye sehemu za vita hakisikiki. Kinasikika pale Ki Sumanto aliposhusha sauti, kwenye maombolezo na kwenye maneno ya mapenzi, yaani pale palipomfanya awe Ki Sumanto. Walijaribu kukisafisha, na kila walipokiondoa kiliondoka na pumzi ya mzee.

Bagas alirudi dukani na kijikaratasi mkononi, akakiweka mbele ya Koh Yongki. Pak Tris alikichukua, akakitazama kwa muda mrefu kuliko inavyochukua kusoma maneno mawili. Mimi nilikuwa nimesimama upande wa pili wa meza.

“Ni mimi,” alisema. “Sikio langu limeanza kuzeeka.”

Koh Yongki hakumfukuza, na hilo lihesabike. Alimwondoa mezani akampa stoo ya chini. Mimi nilipewa meza, baadaye tawi. Stoo ya chini, kama mnavyojua, imepakana na jenereta ya jengo, na kila umeme ukikatika hapasikiki neno. Sikio bora kuliko yote niliyowahi kuyajua liliwekwa hapo kwa zaidi ya miaka kumi na moja. Leo sikio lake la kushoto limezeeka kweli.

Stoo hiyo hiyo aliipanga mpaka ikawa fahari ya kampuni. Hajawahi kupoteza boksi. Kila Idi ya Lebaran alikuwa akienda Sidoarjo kuipuliza vumbi kompyuta ya Bagas na kuisikiliza, hata baada ya Ki Sumanto kufariki. Hili nimelijua Jumapili iliyopita tu, nilipokwenda kumweleza Bagas ukweli. Bagas hakunitukana, wala hakunisamehe. Alinimiminia chai, akanipa vipokea sauti vya masikioni, akanichezea dakika kumi za baba yake akiaga wahusika wake mmoja mmoja. Nilikisikia. Ni chembamba sana, na ukishakisikia husikii kingine.

Jumatatu nikashuka stoo. Nilianza kusema, Pak Tris akanigeuzia kichwa na kuniambia niseme upande wa kulia. Nikaanza upya. Alinisikiliza mpaka mwisho, huku akifunga boksi kwa utepe.

“Siku ile nilipita pale mlangoni, mwanangu,” alisema. “Viatu vilikuwa vimejaa mpaka kwenye ngazi. Bagas alipokileta kijikaratasi nikakumbuka, nikajua hukuingia.”

Nilimuuliza kwa nini alinyamaza.

“Wewe ungefukuzwa, na mama yako alikuwa mgonjwa. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa hapa, bosi angenivumilia.” Akakata utepe kwa meno. “Na nilijua utasema mwenyewe. Nilidhani ni jambo la mwezi mmoja.”

Kila nilipoitafuta siku nzuri ya kusema nilikuta sababu nzuri ya kungoja: nimepandishwa cheo, mama amefariki, mzee keshazoea stoo. Hakuizoea. Nilikuwa namwona akipanda juu saa nane mchana, akisimama nje ya chumba cha swala dakika chache, kisha anashuka.

Koh Yongki, utakapofika hapa utajua kwa nini sikukuonyesha kabla ya kupeleka kwa mchapaji. Maamuzi juu yangu ni yako. Ninaloomba ni kwamba jina la Pak Tris lisafishwe mbele ya watu walewale walioliona likichafuka, leo, kwenye hafla hii ya kumuaga, kabla mchuzi wa rawon haujapakuliwa. Bagas amekubali kuja. Atakaa mstari wa mbele, upande wa kulia wa Pak Tris.

Pak Tris, tunakushukuru kwa wati zote ulizotufundisha kuongeza na kelele zote ulizotuepusha. Tunakushukuru kwa saruji. Nenda Mojokerto ukafuge njiwa wako wa perkutut, uwasikilize wakilia asubuhi kwa sikio lililobaki, na Mungu akupe siku ndefu zenye nafasi. Tunakutakia kila la heri, na mimi nakuomba radhi, nikijua nimechelewa.

Kijikaratasi cha mwaka 2013 ninacho. Nilikihifadhi kwenye droo ya meza uliyoniachia. Nimeyakata maneno yote mawili, jina lako likiwemo, nikaandika mengine chini yake, na picha yake imechapishwa nyuma ya kijitabu hiki kila mtu aione. Sasa kinasomeka hivi:

Haikusikilizwa.
Endang.