Ukuta Tunaouegemea

Saa nane na robo mchana, vijana ishirini na wawili wenye fulana za kijani walitoka katika ukumbi wa mtaa, kila mmoja na karatasi na kalamu. Ilikuwa siku yao ya mafunzo ya huduma kwa jamii. Kijiweni tulikuwa watano: Antena, ambaye ni kinyozi, Breki, dereva mstaafu wa lori, fundi viatu, ambaye binti yake alikuwa miongoni mwa vijana wale, muuza kahawa, na mimi. Benchi letu limeegemea ukuta wa nyumba yenye mlango wa buluu. Tunakaa hapo mwaka wa tisa sasa.

— Hao wanakwenda kupiga kwata, alisema Antena.

— Kwata na kalamu? Breki akauliza.

— Kwata za siku hizi wewe huzijui.

— Wanajifunza kuuliza, alisema fundi. Kila mmoja kapewa nyumba kumi, aandike wazee wanaoishi peke yao. Saa kumi karatasi irudi imejaa. Isipojaa, jina linakatwa kwenye orodha yao. Mwanangu walimkata mwaka jana.

— Kuuliza nako kunafundishwa? alisema Breki. Mke wangu si angekuwa mkufunzi mkuu!

Antena akashusha sauti.

— Ukiona wazee wanahesabiwa, ujue wanahamishwa. Kuna mtu anazitaka hizi nyumba.

— Za nini? aliuliza muuza kahawa. Yangu inavuja.

— Si kuhamishwa, alisema Breki. Ni meno. Watagawiwa meno ya bandia, bure kabisa, na kila jino lina kinasa sauti ndani.

— Wakurekodi ukikoroma? aliuliza Antena.

— Mniandikishe, alisema muuza kahawa. Mimi nimebakiwa na manne.

Fundi hakucheka. Sindano ilikuwa imechoma soli, na mkono wake umesimama.

— Nyie chekeni. Mimi nataka jina la mtoto lisikatwe.

— Tulia, Fundi, alisema Antena. Mtaa huu naujua mpaka paka wake. Akikwama, aje kwangu.

Saa kumi kasoro dakika kumi na mbili binti alifika, jasho likimtoka. Alibisha hodi mlango wa buluu mara mbili. Haukufunguliwa. Akatugeukia.

— Shikamooni.

— Marahaba.

— Nimebakiza nyumba hii tu. Naambiwa anakaa bibi peke yake. Anaitwa nani?

Antena alikohoa. Breki alichungulia kikombe chake, hakikuwa na kitu.

— Bibi wa mlango wa buluu, alisema Antena.

— Hilo si jina, baba mdogo.

— Muuza kahawa, wewe si unachota maji kwake kila asubuhi? Antena akauliza.

— Nachota. Namwita mama.

— Na akiugua, wa kuitwa ni nani? Binti alionyesha sehemu ya mwisho ya karatasi.

Fundi aliinuka, akagonga mlango kwa mpini wa nyundo yake.

— Mama! Ni sisi wa hapa nje. Samahani, jina lako hatulijui.

Mlango ulifunguka. Bibi alikuwa amesimama nyuma yake tu, na mkongojo.

— Hodi niliisikia tangu mwanzo, alisema. Nikasema ngoja nione kama wanalijua.

Alitaja majina yake matatu, polepole. Binti akayaandika.

— Na ukiugua, bibi, tumwite nani?

— Waandike hawa wa ukutani.

— Inatakiwa mtu mmoja.

Bibi alitutazama mmoja mmoja.

— Kinyozi hanyamazi, hatanisikia. Dereva naye vilevile. Mwandike fundi.

— Ni baba yangu.

— Basi jina lake unalijua.

Binti aliandika akiwa amesimama, akaondoka mbio. Karatasi ilipokelewa ukumbini saa kumi kasoro dakika mbili, mistari yote kumi imejaa.