Faili Lililofichwa Makusudi

Fundi cherehani aliyekaa nyuma yao hakuwa na nia ya kusikiliza, lakini viti vya treni havina mapazia. Mzee wa masjala, shati limenyooshwa pasi hadi kwenye kola, alikuwa akimweleza binti aliyekaa kando yake dhambi yake ya siku hiyo.

“Nimeficha faili moja kwenye kompyuta, mwanangu. Nimeliweka mahali pasipo pake, makusudi.”

“Baba! Unataka kitumbua chako kiingie mchanga?”

“Zamani kila mwenye kutaka faili alikuja dirishani kwangu. Ataniuliza mgongo unaendeleaje, nami nitamuuliza kama mtoto ameacha kukohoa. Tangu mafaili yahamie humo, wiki ya tatu hii hajagonga mtu. Nikasema wakilikosa hili, watanijia.”

Fundi akaacha kutafuna karanga zake. Naye ana dirisha lake lisilogongwa na mtu, tangu watu waanze kununua nguo kwenye simu.

“Hawatakuja, baba,” binti akasema taratibu. “Mtu akiandika jina tu pale juu, linatokea, hata ungelificha wapi. Hawajui?”

“Wanajua. Mimi ndiye niliyewafundisha.”

“Basi nenda wewe ukawasalimie.”

“Mikono mitupu? Wataniuliza nimefuata nini.”

Treni ikasimama. Mzee akatoa simu mfukoni, akaitazama, akapandisha sauti ya mlio wake hadi mwisho, kisha akashuka.